Eksirei ya Kidijitali: Yampasayo Mgonjwa na Familia Yake Kuyajua

Bismillahir Rahmanir Rahim

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahli zake na Maswahaba zake. Amma baad.

Maswali yanayotufikia kuhusu eksirei yamekuwa mengi kadiri mashine za kidijitali zinavyoenea katika hospitali na vituo vya afya vya visiwani. Mama anauliza kama anaweza kumnyonyesha mwanawe akitoka kwenye mashine. Mume anauliza kama yafaa mkewe apigwe picha na fundi mwanamme. Kijana anauliza kama funga yake imebatilika. Na liko swali zito kuliko yote hayo, ambalo aghlabu huja kwa sauti ya chini: mwanamke aliyepigwa picha kabla hajajua kuwa ana mimba, na sasa watu wake wa karibu wanamwambia aitoe.

Tumeona tuyakusanye majibu mahali pamoja ili kila familia iweze kuyarejea. Mambo ya kitabibu tutakayoyataja ni yale yanayojulikana na kukubalika kwa wataalamu wa fani hii. Ama hali ya mgonjwa mmoja mmoja, neno lake ni la daktari anayemtibu. Msingi wa yote tutakayoyasema ni mmoja: mwili ni amana, na picha ya mwili nayo ni amana. Amana ya kwanza hulindwa kwa kutokimbia kipimo kinachohitajika na kutokidai kisichohitajika. Ya pili hulindwa kwa kujua picha ile inahifadhiwa wapi na inaoneshwa nani.

1. Eksirei ni kitu gani, na "kidijitali" maana yake nini?

Mionzi hii iligunduliwa na mwanafizikia Wilhelm Conrad Röntgen katika mji wa Würzburg, Ujerumani, tarehe 8 Novemba 1895. Kwa kuwa hakujua ni mionzi ya namna gani, aliipa jina la herufi X, ambayo wanahisabati huitumia kwa kitu kisichojulikana. Waarabu wakaiita al-ashi'a as-siniyya, mionzi ya herufi sin, kwani katika hisabati yao sin ndiyo inayokaa mahali pa X.

Mionzi ya eksirei ni jamii moja na mwanga wa jua, ila nguvu yake ni kubwa zaidi na hupenya mwilini. Hewa iliyomo mapafuni huipisha kwa wepesi, nyama huizuia kidogo, mfupa huizuia sana, na chuma huizuia karibu yote. Ile inayopita ndiyo inayochora picha. Ndiyo maana mapafu hutoka meusi, mifupa hutoka myeupe, na pini ya mtandio iliyosahauliwa hutoka nyeupe pe.

Zamani picha ilipokelewa na filamu, ikapelekwa chumba cha giza na kuoshwa kwa dawa, na mgonjwa akarudi nyumbani na bahasha kubwa ya kaki. Eksirei ya kidijitali haikubadilisha mionzi yenyewe. Imebadilisha kile kinachoipokea. Katika aina moja, mionzi hupokelewa na bamba maalumu ambalo baadaye husomwa na mashine nyengine. Katika aina ya pili, bamba lenyewe hupeleka picha kwenye kompyuta katika muda wa sekunde chache.

Faida zake ni za wazi. Daktari anaweza kuikuza picha, kuiongeza mwanga au kuipunguza, bila ya kumrudisha mgonjwa kwenye mashine. Picha haiharibiki kwa unyevunyevu kama zilivyokuwa zikiharibika filamu zetu. Na pale hospitali zilipounganishwa, picha iliyopigwa Pemba inaweza kusomwa na bingwa aliyeko Unguja au Dar es Salaam, na mgonjwa asipande boti.

Lakini liko jambo moja ambalo wengi hawalijui. Filamu ya zamani ikipigwa mionzi mingi kupita kiasi ilitoka nyeusi, na kosa likaonekana hapo hapo. Kompyuta huisawazisha picha, kwa hiyo mionzi inaweza kuzidishwa na picha bado ikatoka nzuri. Tena kwa kuwa kupiga picha kumekuwa kwepesi, kurudia nako kumekuwa kwepesi. Basi mtu asidhani kuwa kila chenye jina la dijitali kina mionzi kidogo. Udogo wake unatokana na fundi aliyesoma, mashine iliyokaguliwa, na mgonjwa aliyetulia. Kwa upande wa mashine, chombo chenye jukumu la kutoa leseni na kukagua vifaa vya mionzi nchini ni Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 2003. Mgonjwa ana haki ya kuuliza kwa adabu kama mashine atakayowekwa mbele yake imekaguliwa.

2. Mionzi yenyewe ni kiasi gani?

Kila kiumbe hapa duniani hupata mionzi bila ya kwenda hospitali. Inatoka ardhini, angani, katika hewa tunayoivuta na katika chakula tunachokula. Wastani wa dunia ni kiasi cha milisiveti 2.4 kwa mtu kwa mwaka. Tukilinganisha na kiwango hicho, vipimo vya kawaida viko hivi kwa makadirio:

- Picha ya mkono au mguu: chini sana ya milisiveti 0.01, sawa na mionzi ya asili ya saa chache hadi siku moja.
- Picha ya kifua: kati ya milisiveti 0.02 na 0.1, sawa na siku chache hadi wiki mbili.
- Picha ya uti wa mgongo sehemu ya kiuno: kiasi cha milisiveti 1.5, sawa na miezi kadhaa.
- CT skani ya tumbo: kiasi cha milisiveti 8 hadi 10, sawa na miaka mitatu au minne.

Mstari wa mwisho tumeuweka makusudi. CT skani nayo hutumia mionzi ya eksirei, lakini kwa kiasi kikubwa zaidi, kwa hiyo haifai kuombwa kama mtu anavyoomba picha ya kidole. Ama altrasaundi hutumia sauti, na MRI hutumia sumaku. Hizo mbili hazina mionzi ya namna hii kabisa.

Kwa picha moja ya kifua, uwezekano wa madhara ni mdogo mno. Wataalamu hata hivyo hawasemi kuwa ni sifuri, na wameweka misingi miwili: kipimo kisifanywe ila faida yake ishinde madhara yake, na kikifanywa, mionzi iwe ya kutosheleza haja tu. Aliyekaa katika darsa za fiqhi ataona kuwa hayo si mageni kwetu. Kanuni zetu zinatwambia madhara huondoshwa, na kinachoruhusiwa kwa haja huruhusiwa kwa kadiri ya haja hiyo.

Khofu nyengine zinazozungumzwa hazina msingi. Mionzi haibaki mwilini. Mashine ikizimwa, mionzi imekwisha, mfano wa taa inapozimwa na mwanga ukaondoka chumbani. Anayetoka eksirei hawezi kumuambukiza mtu chochote. Anaweza kumpakata mtoto, kumnyonyesha, na kulala na mwenzake siku ile ile. Maziwa ni chakula kizuri, lakini hayaoshi mionzi, kwani hakuna kilichobaki cha kuoshwa. Na fundi akienda nyuma ya ukuta, hakukuacha katika hatari anayoikimbia. Wewe unapigwa picha moja au mbili, yeye anazipiga nyingi kila siku kwa miaka, na lau angesimama hapo kila mara angekusanya kiasi asichostahiki.

3. Kabla ya kukubali au kudai kipimo

Tunaona makosa mawili yanayokabiliana. La kwanza ni kukimbia kipimo. Mzee anakohoa wiki mbili na zaidi, anakonda, anatokwa jasho usiku, na watoto wake wanasema mashine itamuongezea maradhi. Huenda ni kifua kikuu, ambacho hutibika kwa dawa, na kila siku anayocheleweshwa wajukuu wanaolala naye chumba kimoja wanaivuta hewa yake. Hapa kipimo cha makohozi na picha ya kifua ni kinga ya nyumba nzima. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na mabedui kuhusu kujitibu aliwaamrisha wajitibu, na wala hakuuhesabu utafutaji wa tiba kuwa ni upungufu wa tawakkul.

La pili ni kukidai. Mtu ana maumivu ya mgongo ya siku tatu baada ya kubeba mzigo, au kichwa kinamuuma, au ana mafua, na daktari akisema hakuna haja ya picha anamuona hajui kazi. Eksirei si dawa. Ni swali linaloulizwa mwili, na kama halina jibu litakalobadilisha matibabu, ni bora lisiulizwe. Maumivu mengi ya mgongo hupungua yenyewe kwa wiki chache. Ni tofauti kwa aliyeanguka, mwenye homa, aliyekonda bila sababu, aliyewahi kuugua saratani, au ambaye miguu imemlegea. Hao waende haraka, na wafuate atakaloona daktari.

Kwa hiyo muulize daktari wako mambo matatu: Tunatafuta nini katika picha hii? Je, jibu lake litabadilisha matibabu yangu? Je, kuna kipimo kisicho na mionzi kinachoweza kutosha? Na wewe mwambie la kwako: kama ulishapigwa picha ya sehemu hiyo hiyo miezi ya karibuni, wapi na lini. Wengi huenda hospitali ya pili wakaificha picha ya kwanza ili wampime daktari. Matokeo yake ni mionzi mara mbili na fedha mara mbili, na daktari anakosa cha kulinganisha nacho.

4. Mwenye mimba, na anayedhani huenda anayo

Fundi atamuuliza kila mwanamke aliye katika umri wa kuzaa kama ana mimba na lini alipata siku zake. Swali hili si tuhuma. Huulizwa mke wa mtu na huulizwa binti wa skuli kwa sababu ni utaratibu wa kumlinda kiumbe asiyeweza kujisemea. Tunawaomba wazee wasighadhibike binti anapoulizwa, na tunawaomba mafundi waliulize kwa faragha, si mlangoni mbele ya mama mkwe na foleni nzima. Wako wanawake ambao hata waume zao hawajawaambia bado. Na mwanamke naye aseme kweli. Kuficha hapa hakumsitiri, bali humuondolea mtoto kinga yake.

Kuwa na mimba hakumaanishi kuwa eksirei imeharamika. Picha ya kifua, mkono, mguu au jino huwa mbali na tumbo, na mionzi inayomfikia mtoto huwa chini ya miligrei 0.01. Ikiwa mjamzito ana dalili za homa ya mapafu au amevunjika, kumuacha bila kipimo kunaweza kuwa hatari kubwa zaidi kwake na kwa mwanawe. Picha za tumbo, nyonga na kiuno ndizo zinazohitaji kufikiriwa zaidi. Hizo huahirishwa zikiweza kungoja, au hubadilishwa kwa altrasaundi.

Sasa tuje kwenye lile swali la sauti ya chini. Mwanamke amepigwa picha, kisha akagundua alikuwa na mimba ya wiki kadhaa. Je, aitoe? Jawabu ni hapana. Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi imeeleza kuwa kiwango kilicho chini ya miligrei 100 kwa mtoto si sababu ya kuiondoa mimba. Picha ya kawaida ya tumbo au nyonga humfikishia mtoto kiasi cha miligrei 1 hadi 4. Hata CT skani ya nyonga kwa kawaida huwa kiasi cha 25, na haifiki hiyo 100.

Kwa upande wa sharia, mimba ikishatimiza siku 120 wanavyuoni wamekubaliana juu ya uharamu wa kuitoa, isipokuwa pale maisha ya mama yanapokuwa hatarini. Kabla ya hapo wako walioruhusu kwa udhuru. Lakini hapa udhuru uko wapi? Sababu yenyewe ya kitabibu haipo. Kwa hiyo hatuoni njia ya kumhalalishia mtu kuitoa mimba kwa ajili ya eksirei ya kawaida, na anayemshawishi mwanamke kufanya hivyo kwa khofu aliyoisikia barazani amebeba mzigo mzito. Mwanamke huyo amwendee daktari, amtajie kipimo alichofanyiwa na tarehe yake, ili akadiriwe kiwango na atulizwe moyo wake. Akiwa amepigwa vipimo vingi au CT skani zaidi ya moja, hesabu hiyo ifanywe na mtaalamu wa mionzi.

5. Ndani ya chumba: mavazi, sitara na fundi

Kitambaa chepesi cha pamba hakizuii mionzi. Kwa hiyo picha nyingi hazihitaji mwili kuwa wazi, bali zinahitaji kuondolewa kila chenye chuma au kilicho kizito. Ukijitayarisha nyumbani, mambo yatakuwa mepesi:

- Vaa kanzu au gauni jepesi lisilo na zipu, vifungo vya chuma wala vidoto vya kung'aa. Chukua na kanga safi.
- Acha nyumbani mkufu, vipuli, bangili na kikuku. Toa pini za ushungi, na sidiria yenye waya kama ni picha ya kifua.
- Nywele zilizosukwa zikaangukia kifuani zifungwe juu ya kichwa. Msuko mnene huonekana katika picha ya kifua na unaweza kudhaniwa ni maradhi.
- Hina haina tatizo.
- Hirizi yenye bati au ngozi itolewe, kwani itaficha kilicho chini yake. Hukumu ya hirizi yenyewe ina mahali pake. Hapa inatosha kujua kuwa aliyekataa kuivua ameiharibu picha yake.

Kuhusu fundi, asili ni mwanamke ahudumiwe na mwanamke, na mwanamme na mwanamme. Uliza mapema, hata kwa simu, siku gani yupo fundi mwanamke. Kama hayupo na kipimo kinahitajika, Imamu Nawawi katika Minhaj ameitaja tiba miongoni mwa mambo yanayohalalisha kutazama na kugusa, na wafafanuzi wake wameshurutisha kuwapo maharimu au mtu mwaminifu, na kutazamwa pale panapohitajika tu. Kuchelewesha picha ya mfupa uliovunjika wiki nzima kwa kumngoja fundi mwanamke si uchamungu ulioamrishwa.

Kwa vitendo, mambo huwa mepesi kuliko watu wanavyoyafikiria. Maharimu au mwanamke mwenzake anaweza kuingia naye wakati wa kupangwa mahali pa kusimama, kisha akatoka. Wakati picha inapigwa fundi mwenyewe huwa nyuma ya ukuta au kioo, na mgonjwa yuko peke yake. Mwanamke ana haki ya kusema: "Nielekeze kwa maneno, nitajipanga mwenyewe," na fundi mwenye adabu atakubali pale inapowezekana. Kipimo cha matiti ni jambo jengine, kwani hulazimu kifua kuwa wazi na kushikwa. Hapo fundi mwanamke atafutwe kwa bidii zaidi, na hospitali zetu zina wajibu wa kuwasomesha mabinti fani hii.

Ukiambiwa usitikisike na uzuie pumzi, fanya hivyo. Kutikisika ndiko kunakosababisha picha irudiwe. Na usishangae ikiwa hukuvishwa aproni ya risasi. Tangu mwaka 2019 jumuiya ya wanafizikia wa tiba ya Marekani imeshauri kuacha kuwafunika wagonjwa wote kwa mazoea, kwa sababu katika mashine za sasa faida yake ni ndogo, na aproni ikikaa vibaya huficha sehemu inayotafutwa na kulazimisha picha nyengine.

6. Mtoto anapopigwa picha

Mwili wa mtoto unakua na huathirika na mionzi zaidi ya wa mtu mzima, na ana umri mrefu mbele yake inshaallah. Kwa hiyo ulizia kwa adabu kama mashine imepangwa kwa kipimo cha mtoto na kama eneo linalopigwa limebanwa pale panapohitajika tu. Akihitaji kushikwa, ashikwe na baba, shangazi au ndugu mwengine asiye na mimba, naye avae aproni ya risasi. Mama mwenye mimba asishike. Mtoto mkubwa kidogo aelezwe nyumbani kuwa mashine haiumi na haimgusi, kwani mtoto aliyetulia huhitaji picha moja.

7. Udhu na funga

Eksirei yenyewe haitengui udhu wala haibatilishi funga. Hakuna kinachoingia mwilini katika vile ambavyo mafaqihi wamevihesabu. Yako mambo yanayoambatana nayo ambayo yanahitaji uangalifu.

Udhu: Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo wengi wetu visiwani tunayafuata, ngozi ya mwanamme na ya mwanamke asiye maharimu wake zikigusana bila ya kizuizi udhu hutenguka, hata kama hakuna matamanio na hata kama ni kwa ajili ya tiba. Hakuna dhambi katika kugusana kwa haja, lakini atatawadha tena. Fundi akivaa glovu, au akikupanga juu ya nguo, udhu wako umebaki.

Funga: Baadhi ya vipimo huhitaji dawa ya kuangazia. Ikiwa ni uji wa bariamu unaomezwa ili kuangalia koo au tumbo, funga imebatilika. Kipimo kinachoweza kungoja kifanywe usiku au baada ya Ramadhani, na kisichoweza kungoja kifanywe mchana na siku hiyo ilipwe, kwani mgonjwa ana ruhusa yake. Ikiwa dawa inaingizwa kwa njia ya haja kubwa, katika madhehebu yetu nayo hubatilisha. Ikiwa ni sindano ya mshipa isiyo ya lishe, Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu katika kikao chake cha Jeddah cha mwaka 1997 iliamua kuwa sindano za tiba zisizo za lishe hazibatilishi, na hilo ndilo tunalolifuata. Lakini vipimo vingine humtaka mgonjwa anywe maji mengi baadaye, basi afuate maelekezo ya daktari, hata kama ni kufungua.

8. Picha baada ya kupigwa: amana ya pili

Kabla hujatoka, thibitisha mambo manne: jina, umri, tarehe na upande, kulia au kushoto. Majina yetu yanafanana mno. Fatma Ali Juma wako wangapi Chake Chake peke yake? Picha ya mtu ikiingia katika faili la mwengine, mmoja atatibiwa ugonjwa asiokuwa nao na mwengine ataachwa na wake.

Omba nakala yako katika sidii au flashi, pamoja na ripoti ya maandishi. Kinachotakiwa ni faili asilia, ambalo wataalamu huliita faili la DICOM. Picha iliyopigwa kwa simu kutoka kwenye kioo cha kompyuta si eksirei. Mng'ao wa kioo huficha ufa mdogo wa mfupa na doa dogo la pafu. Familia nyingi hutaka rai ya pili kwa jamaa aliyeko Muscat au kwa hospitali ya India. Hao nao wapelekewe faili asilia, sio picha ya simu ambayo daktari wa huko atashindwa kuisema lolote kwa yakini.

Kisha linakuja jambo linalotusikitisha. Picha ya mgonjwa hutumwa katika kundi la familia la WhatsApp kwa nia ya kuombewa dua, na jina lake liko pembeni, na umri wake, na hospitali aliyolazwa. Kabla ya magharibi imeshafika katika makundi matano. Maradhi ya mtu ni siri yake. Huenda ni binti anayeposwa, au kijana anayetafuta kazi, na neno "kifua kikuu" likamfuata miaka baada ya kupona. Kuyatoa bila ya idhini yake ni kuvunja amana, hata aliyetoa akiwa ni ndugu wa damu. Dua haihitaji picha. Inatosha kusema: "Ndugu yenu anaumwa, mwombeeni."

Wajibu huu ni mzito zaidi kwa wafanyakazi wa hospitali. Anayepiga picha kioo cha kompyuta na kuionesha kwa wasiohusika, hata ikiwa ni kwa mshangao wa sarafu iliyomezwa na mtoto, amekhini. Anayehitaji kufundishia aombe ruhusa na afute jina.

Na kwa walioulizia kama eksirei inaingia katika picha zilizokatazwa: haiingii. Ni kivuli cha mifupa na viungo kilichochukuliwa kwa haja ya tiba.

9. Jibu likiwa "hakuna kitu"

Eksirei haioni kila kitu. Vidonda vya tumbo havionekani katika picha ya kawaida, wala mishipa na kano zilizochanika. Ufa wa mfupa mdogo wa kifundo cha mkono unaweza usionekane siku ya kwanza, ukajitokeza baada ya siku 10 hadi 14. Kwa hiyo ukiambiwa picha ni safi na maumivu yanaendelea, usikate tamaa na usimtuhumu mtu. Rudi kwa daktari na umueleze. Hapo kurudia kipimo huwa na sababu yake.

Kwa muhtasari, mgonjwa amuulize daktari sababu ya kipimo, aseme kweli kuhusu mimba na picha zilizopita, avae vazi jepesi lisilo na chuma, atulie, ahakikishe jina lake, na achukue nakala na kuihifadhi. Familia nayo imsindikize, imsitiri, na isimtishe kwa maneno ya barazani.

Tunamuomba Allah (S.W.) awaponye wagonjwa wetu, awalinde walio matumboni mwa mama zao, na awajaalie uaminifu wanaotuhudumia. Na Allah ni Mjuzi zaidi.